Mtani Alipoanza Kulipa

Nyumba yangu ndogo ya uani, hapa Chemchem, ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Marehemu mume wangu aliijenga kwa kiinua mgongo chake cha reli, na tangu afariki naipangisha kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Sina mapenzi na wanafunzi. Wanaacha bomba wazi, wanaunguza sufuria, wanacheka wakati watu wazima tumeshajilaza. Lakini kodi yao ndiyo inayoninunulia unga, kwa hiyo tunavumiliana.

Recheli alifika kwangu mwaka juzi akiwa na begi moja, godoro, na ndoo ndogo ya asali ambayo baba yake alimwagiza anikabidhi mkononi. Kwao ni Usinge, mbele ya Kaliua, reli inakoelekea Kigoma. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Hana kaka wala dada. Baba yake, mzee Gerson, mkulima wa tumbaku na mwimba besi wa kwaya ya Moraviani, alimlea peke yake, na ukimwona binti unajua kabisa kwamba alilelewa na mtu mmoja tu. Anasikiliza kuliko anavyosema, na akipita uani husikii hata kandambili.

Muhula wake wa kwanza alikaa peke yake katika nyumba ile, maana mwenzake aliyelipia chumba cha pili alihamia chuo kingine kabla hata ya kufika. Sebuleni mlikuwa na meza na viti, lakini kila jioni nilimwona anakula kwenye kizingiti cha mlango wa jiko, ameelekea kwangu. Siku moja nikamuuliza.

"Recheli, meza imekukosea nini?"

Akaona haya. "Hapa naisikia redio yako, Mama Prosperi."

Nikaingia ndani nikaongeza sauti ya redio. Sikujua la kufanya zaidi. Watoto wangu mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, na mtu aliyeuzoea ukimya hajui namna ya kumtoa mwenzake humo.

Ndipo akaja Najiat.

Najiat ni Mzaramo wa Kisarawe, mrefu, na sauti yake hufika kabla yake. Alikuja na bajaji mbili za mizigo, na katika mizigo yote hiyo hapakuwa na godoro. Recheli alitoka kumpokea, amefunga kitenge chake, anapangusa mikono.

"Wewe kabila gani?" Najiat akamuuliza, hata salamu hajatoa.

"Mnyamwezi."

"Alhamdulillahi! Nimepata mpagazi. Haya, beba mizigo ya bibi yako, jua linaniunguza."

Recheli, ambaye tangu aje sikuwahi kumsikia akicheka, alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akaibeba ile mizigo, mzigo baada ya mzigo, huku Najiat amekaa juu ya ndoo anamwimbia nyimbo za kumhimiza.

Wengine mnajua utani ni nini, lakini mimi ilibidi nifundishwe. Kwetu ni Ulyankulu. Wazazi wangu walitoka Burundi, na sisi hatuna watani hapa. Mtu akichukua kuku wetu tunamwita mwizi. Ila Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, vijana wa huku walipobeba pembe za ndovu na mizigo ya watu kwa miguu hadi pwani, wakipita na kulala katika vijiji vya Wazaramo, wakiuguzwa humo na wengine kuzikwa humo. Basi Mzaramo anaweza kumtukana Mnyamwezi mbele za watu, akala chakula chake, akavaa kanga yake, na Mnyamwezi akinuna, aibu ni ya aliyenuna. Na msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya fujo. Ataigiza mwendo wa marehemu, ataficha mwiko wa wapishi, atashuka kaburini na kujilaza, akatae kutoka mpaka wafiwa wamlipe kitu. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilidhani watu wamepagawa.

Sasa, kodi nilikuwa nimeshapokea kutoka kwa kila mmoja. Lakini luku ya umeme, maji, gesi na pesa ya taka yalikuwa yao wenyewe, nusu kwa nusu. Mwezi wa kwanza alilipa Recheli. Mwezi wa pili alilipa Recheli. Alipokwenda kudai nusu yake, niliwasikia kutoka kwenye ungo wangu wa mchele.

"Babu yako alibeba jino la tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo," Najiat akasema, "hakumwambia mtu abebe nusu. Wewe luku tu inakushinda? Mmeharibika siku hizi."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Recheli alicheka, akarudi chumbani mwake, akaifungua simu yake na kununua luku. Wala si kwamba Najiat alikuwa fukara. Boom la mkopo lilimwingia siku ileile liliyomwingia mwenzake, ila la kwake lilikwenda kwenye kusuka, kwenye vifurushi vya intaneti, na kwenye michango ya sare za harusi za watu nisiowajua. Ukimtuma unga anarudi na hereni. Akisema nakuja sasa hivi, wewe lala.

"Mbane," nilimwambia Recheli siku moja. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Nikimbana atahama, Mama Prosperi."

"Basi ahame. Utapata mpangaji mwenye akili."

Akanitazama kidogo. "Na mpaka apatikane?"

Nikakumbuka kile kizingiti. Msichana yule hakuwa mjinga wala hakuwa mnyonge. Alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe na kuona kwamba nusu ya luku ni bei nafuu kwa mtu wa kukucheka unapoamka. Najiat alimsuka nywele. Nazi zikija kwa basi kutoka Kisarawe, alipika samaki wa nazi, harufu ikanifuata mpaka ndani. Mita ilipolia na umeme ukakatika, kwa sababu mmoja hana pesa na mwingine hana mpango, Najiat aligeuza ndoo akaifanya ngoma, na Recheli, binti wa kwaya, akacheza gizani mbele ya mlango wangu. Niliwapigia kelele wanyamaze. Waliponyamaza kweli, nilibaki nimekasirika vilevile.

Jumapili jioni mzee Gerson alikuwa akipiga simu, na wao waliiweka mezani kwa sauti kubwa, kwa hiyo na mimi nilikuwa katika mazungumzo nikitaka nisitake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Yule mla nazi yupo?"

"Nipo, mzee mpagazi!" Najiat anadakia. "Bado hujafa tu?"

"Nife ili ule nyama? Nyinyi Wazaramo mkisikia msiba mnajifunga kanga kama mmesikia ngoma."

"Nitakuja, na kaburini mwako nitalala. Sitoki mpaka nilipwe. Watakuzika siku ya tatu."

"Utalipwa jogoo. Mwekundu. Mwingine sina."

"Jogoo mmoja kwa kaburi zima? Ongeza, mzee, acha ubahili."

Mzee anacheka mpaka anaanza kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Sisi wote tulikisikia. Mabani ya kukaushia tumbaku yana moshi, na yeye alikaa humo miaka mingi. Recheli aliichukua simu kutoka mezani kila mara kilipoanza, akaiweka sikioni, kama vile akiishika karibu kingepungua.

Mambo yaliharibika msimu wa kukausha tumbaku, karibu na mitihani. Mimi nilikuwa nimekwenda Urambo, mjukuu wa dada yangu anabatizwa, na nyumba yangu nimeifunga. Recheli alikuwa na kazi ya kundi chuoni kutwa nzima, kwa hiyo asubuhi alimpa Najiat pesa ya luku mkononi, ya wote wawili, anunue yeye. Najiat akaiweka kwenye pochi. Mchana akapigiwa simu kuhusu kitambaa cha sare ya harusi ya rafiki yake: kinaisha dukani. Akajisemea luku itangoja kesho, akaenda kukatiwa kitambaa, akalala hukohuko kwa rafiki.

Saa moja jioni mita ikalia, umeme ukaenda. Simu ya Recheli ilikuwa karibu kuzima, ikazima. Alikula ugali wa baridi, akalala mapema. Asubuhi akaenda kuichaji dukani kwa Majidi, hapo mtaani, na ilipowaka tu ikaanza kutetemeka mkononi. Ilikuwa ni Dismasi, jirani yao wa Usinge, amepiga na kupiga. Usiku ule mzee Gerson alianguka kwenye bani. Walimpakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali Kaliua, na njia nzima alikuwa akiomba apewe sauti ya mwanawe. Dismasi alimshikia simu sikioni. Simu ikamjibu kwamba mteja hapatikani.

Nilishuka kwenye basi asubuhi hiyo na kumkuta Recheli amesimama uani, ameshika chaja, hajui aende wapi kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza amenieleza kwa pumzi moja, geti likafunguka. Najiat aliingia amejitanda kitambaa kipya begani, cha rangi ya dhahabu, anajionyesha.

"Mpagazi wangu, umelala gizani? Babu zako walilala porini na simba, wewe unaogopa sebule!"

"Usiniite mpagazi," Recheli alisema.

Najiat akacheka. Alisimama na kicheko chake mdomoni, anangoja mwisho wa utani.

"Mimi na wewe si watani. Mimi na wewe ni wapangaji. Lipa unachodaiwa, kisha usinisemeshe."

Hakupaza sauti. Nafikiri angepaza sauti lingekuwa jambo jepesi zaidi. Najiat alinitazama mimi, akamtazama yeye, akakivuta kile kitambaa begani akakikunja kikawa kidogo. Nilimweleza mimi habari za mzee, kwa maneno machache, na sikumhurumia. Akafunika uso kwa mikono, akaingia ndani.

Na akalipa. Haikupita wiki, akalipa yote, miezi yote, mpaka pesa ya taka ambayo Recheli mwenyewe alikuwa ameisahau. Aliuza ile spika yake ya muziki na nyingine akakopa kwa dada yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kweli nyumba ile iliingia matanga kabla ya mtu kufa. Muziki hakuna. Ndoo ikarudi kuwa ndoo. Asubuhi Najiat anatoka chumbani, anasema "Habari za asubuhi, Recheli," kwa jina lake kamili, anachota maji, anaosha kikombe chake, anaondoka. Mwezi uliofuata alilipa kabla ya kuulizwa. Mimi mwenye nyumba nilitakiwa kufurahi. Huyo ndiye mpangaji niliyemtaka siku zote, na nilitamani avunje hata sahani.

Siku ileile ya ugomvi Recheli alikwenda Kaliua kumwona baba yake, akarudi macho yamemvimba lakini ana matumaini. Alikuja kukaa jikoni kwangu, akanisimulia. Mzee alikuwa na mpira wa hewa puani, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzaramo wangu hajambo?" Recheli hakuweza kudanganya mbele ya ule mpira. Akamweleza yote.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Aliusogeza ule mpira pembeni. Halafu akaniambia, 'Umekosana na mtani kwa ajili ya luku? Na mimi nani atanisumbua siku yangu? Nitaingia ardhini kimya kama gunia? Kamwambie kazi yake bado iko palepale. Kamwambie na jogoo nimeshamtenga.'"

"Basi nenda kamwambie. Yuko ndani sasa hivi."

"Nitamwambia, Mama Prosperi. Mitihani ikiisha."

Mitihani gani! Alikuwa anaogopa. Nilimwona mara nyingi, amesimama mbele ya mlango wa Najiat, mkono umeinuka kubisha, anasikia kurasa zinageuzwa ndani, kisha anaushusha mkono na kurudi. Aliniambia baadaye kilichokuwa kinamrudisha. Aliogopa kwamba angempa ujumbe wa baba yake, na Najiat angejibu kwa adabu, "Sawa Recheli, nimesikia." Jibu hilo asingeweza kulibeba. Kwa hiyo akaahirisha, na kifo hakikuahirisha.

Mzee Gerson alifariki siku mitihani inaanza. Nilisikia kilio, nikakimbia uani. Najiat alikuwa ameshatoka chumbani kwake, amesimama mlangoni kwa Recheli, mikono imening'inia, haingii wala harudi. Mtu aliyekuwa akiingia chumba kile bila kubisha na kujitupa juu ya kitanda sasa alikuwa anangoja kukaribishwa. Aliponiona alisema, "Mama Prosperi, ingia wewe," kisha akaenda jikoni kuchemsha maji ya kumnawisha mwenzake uso.

Mimi na Recheli tuliondoka kwa basi la kwanza. Najiat alisema angefuata na wawakilishi wa darasa baada ya mtihani wa kwanza.

Usinge walitupokea kwa vilio, kisha kwa "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, na uji. Watu walikuwa wengi, maana mzee aliimba kwenye harusi na misiba ya wote. Na kila aliyenisogelea aliniuliza swali moja. Dismasi ndiye aliyeuliza zaidi, bado kavaa shati lenye moshi wa bani.

"Mama, yule Mzaramo anakuja lini?"

"Atakuja kesho."

"Aje haraka. Gerson alitusumbua nusu mwaka na habari zake. 'Siku yangu mtaona maajabu, nina mtani wangu anatoka pwani.' Hata malipo yake haya hapa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi, ananenepa, anatukodolea jicho moja. Recheli alikuwa amenifuata. Alimtazama jogoo yule muda mrefu, akanishika mkono.

"Atakumbuka," akasema. "Hata kama nilimfukuza, kaburi la baba atalikumbuka. Aliahidi."

Hilo ndilo alilolishikilia usiku kucha na asubuhi yake. Hakuwa anangoja pole za watu. Alikuwa anamngoja Najiat aingie na kelele, amtukane baba yake, ili ajue kwamba bado ana mtu mmoja duniani.

Najiat alifika na gari dogo la kukodi, pamoja na wenzao wawili. Alikuwa amevaa baibui jeusi na ushungi. Watu wa Usinge waligeuka wote, wengine wameshaanza kutabasamu, kama watu wanaoona mpira unakwenda golini. Najiat akamwendea Recheli, akapiga magoti mbele ya mkeka, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, Recheli. Mungu akupe subira."

Kisha akakaa pembeni na wanawake wengine, akainamisha kichwa. Darasa lilikuwa limechanga rambirambi, na yeye akaikabidhi kwa mwenyekiti wa msiba, akasubiri mpaka jina la darasa liandikwe. Alikuwa na adabu kamili. Hakuna mtu ambaye angeweza kumlaumu kwa lolote.

Kaburini niliwaangalia wote wawili. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, na besi ikasikika imepungua. Kabla ya kushusha jeneza, Dismasi alitulia, akaweka kamba chini, akawaambia vijana wangoje. Alikuwa anatoa nafasi. Watu waliacha kukohoa. Najiat alikuwa amesogea mpaka ukingoni, karibu kuliko wanawake wengine, na nikaona jambo ambalo sikulielewa wakati ule: alikuwa peku, ndala zake kazishika mkononi. Macho yake yalikuwa kwa Recheli. Na Recheli ametazama chini kwenye shimo, hakuinua uso hata kidogo, kwa sababu alidhani angeuinua angelia kwa sauti na kuharibu.

Dismasi alingoja. Mchungaji akamtazama. Basi wakazishika kamba tena, wakamshusha mzee Gerson, na udongo ukaingia bila mtu wa kuuzuia. Mazishi yalikwisha mapema mno. Watu walirudi nyumbani wanaongea kwa sauti za chini, na mzee mmoja nyuma yangu alisema, si kwa ubaya, kwamba Gerson alipenda sana kujigamba.

Tulipoondoka, Dismasi alimfungua jogoo akampa Recheli. "Alitengwa," alisema. "Sisi hatuwezi kumla." Kwa hiyo tulipanda naye basi, kichwa chake kinatoka kwenye kikapu, mpaka Chemchem. Recheli akamfunga uani kwangu, mimi ninayechukia kuku. Nikamwekea maji.

Jogoo akakaa. Siku ya kwanza Najiat alimpita. Siku ya pili alimpita. Jioni ya siku ya pili Recheli alikwenda akabisha ule mlango. Mimi nilikuwa nachambua maharage barazani, na sikuondoka, kwa sababu ni kwangu.

"Jogoo ni wako," Recheli akasema. "Baba alikutengea. Aliniagiza hospitali nikwambie kazi yako iko palepale. Sikukwambia."

Najiat alitoka mpaka uani. Akamtazama jogoo. Akachuchumaa chini pale, baibui kwenye vumbi, akaanza kulia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia bila kuficha uso.

"Nilivua viatu, Recheli. Nilikuwa nimeshavua viatu. Nikakutazama. Ungeinua hata nyusi ningeruka."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Uliniambia sisi si watani. Ningewezaje kuingia kwenye kaburi la baba yako kama mpangaji?"

Recheli akachuchumaa karibu naye, wakashikana. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Nilikwenda ndani nimefurahi, nikajiambia kesho nitalalamikia kelele.

Lakini kelele hazikurudi. Walisameheana kweli, hilo nalishuhudia. Walikula pamoja mezani, wakapeana maneno mazuri, wakaulizana habari za masomo. Ila Najiat hakumwita tena mpagazi. Nafikiri alijaribu. Siku moja nilimsikia anaanza, "We Mnya—" kisha akageuza, "Recheli, chumvi tafadhali." Lile neno lilikuwa na mahali pake pa kwenda, na mahali pale pameshafukiwa. Jogoo naye hakumchukua. Alisema hajamfanyia kazi. Kila mwisho wa mwezi simu ya Recheli ililia, na ndani yake ilikuwa nusu ya luku, nusu ya maji, nusu ya gesi, na nusu ya pumba za jogoo, zimetumwa kutoka chumba cha pili, ukuta mmoja katikati.

Mwezi uliopita Recheli hakulipa. Alikuja kuniambia mwenyewe, ananong'ona kama mwizi. "Luku imebaki kidogo sana, Mama Prosperi, na mimi sinunui. Najiat akiniuliza, nitamwambia mla nazi hadai mpagazi. Akinikasirikia tutagombana, akicheka tutacheka. Na giza likiingia, ile ndoo nimeshaiweka sebuleni."

Jioni hiyo alijikalia kitini, taa inawaka, ndoo miguuni, anaisubiri mita ilie. Mimi nilikaa barazani kwangu nikisubiri pia, Mungu anisamehe, nikitaka umeme wa nyumba yangu mwenyewe ukatike. Saa moja ikapita. Mita haikulia. Badala yake ikalia simu ya Recheli. Aliisoma, akatoka nayo uani akanipa nisome mwenyewe.

"Nimeona luku inaisha nikanunua, ya mwezi mzima. Usijali sehemu yako, najua umetoka kwenye msiba. N."

Chumbani kwa Najiat mlango ulikuwa umefungwa, na mwanga unaonekana chini yake. Recheli alichukua simu yake, akaingia jikoni, akapakua chakula. Sebule ilikuwa inang'aa, meza tupu, viti vimepangwa. Alikuja na sahani yake akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa jiko, ameelekea kwangu.

Nikaingia ndani, nikaongeza sauti ya redio.